Tukihama, tuhame na maneno yetu

Ndugu mliokimbia makwenu, vijana hapa wananiuliza: tunaotengeneza programu huria pamoja, tuongelee wapi?

Mimi nawaambia habari ya Freenode. Kwa miaka mingi watengenezaji wengi duniani walikutana huko kwa njia ya IRC, iliyoanza Finland mwaka 1988. Mei 2021 kukawa na mvutano juu ya nani anaiongoza. Wahudumu wa kujitolea wakajiuzulu, wakafungua Libera.Chat. Ubuntu na Wikimedia wakahamia huko. Haikuwa vigumu sana, kwa kuwa IRC si mali ya kampuni: programu ile ile ya jana iliwafungulia mlango mpya.

WhatsApp wengi tunayo, na haimalizi mega. Lakini kundi lake linaweza kuonyesha namba yako kwa wanachama, na kwetu namba inaweza kukuletea hatari. Kwenye IRC unaingia kwa jina la kujipa tu.

Kwa hiyo mimi nauliza mambo matatu: mwenye simu ndogo ataingia? Namba yake itafichwa? Na siku ya kuhama, tutaondoka pamoja? Ninyi mliohama mnajua uzito wa swali hilo la tatu.