Koliflawa ya Krismasi

Jibini la utotoni kwangu lilitoka Irente, kwenye shamba la kanisa la Kilutheri nje kidogo ya mji wa Lushoto. Lilikuwa ghali, na nyumbani kwetu halikuingia ila Krismasi. Koliflawa hakuna aliyeihesabu kuwa kitu. Mabonde ya Usambara yalijaa kabichi, karoti na koliflawa, na zile zenye madoa, walizozikataa wachuuzi, majirani walitugawia bure. Kwa hiyo chakula cha sikukuu kilikuwa koliflawa tele na jibini la kuonja.

Mama alijifunza kukipika kwa jirani aliyewahi kuwapikia wamisionari. Aliichemsha koliflawa kidogo tu, ikiwa bado inakataa uma, akaimwaga kwenye ungo na kuiacha hadi mvuke uishe. Hapo hakuwa na mzaha. Koliflawa huficha maji, na yakitokea baadaye motoni, sosi yote inageuka uji. Sosi yenyewe ilikuwa siagi, unga wa ngano na maziwa, inakorogwa bila kuachiwa mwiko, kisha kungumanga kidogo.

Oveni hatukuwa nayo. Sufuria ya koliflawa na sosi, jibini juu yake, ilikaa juu ya makaa machache mno, mengi yakapaliwa juu ya mfuniko. "Moto wa juu ndio unaopika," alisema, nasi watoto tulikatazwa hata kupita karibu. Kasheshe ilikuwa kufunua. Mfuniko ulinyanyuliwa kwa koleo, umenyooka, pumzi zimebanwa, maana majivu yakishaanguka kwenye sosi hayatoki. Pembeni jibini lilikuwa limeshika rangi ya kahawia na kugandia sufuria. Tuliligombania hilo kuliko kuku.

Nilipoanza maisha yangu Dar es Salaam, mambo yakapinduka. Koliflawa ile ile sasa inateremka Soni na Mombo kwa lori, inafika soko la Ilala imechoka, na bei yake mjini inakufanya uulize mara mbili. Jibini ndilo limejaa kwenye majokofu ya supamaketi, hasa mozarela, kwa sababu ya piza. Nina oveni, nageuza kitufe tu. Basi kila mwaka jibini likazidi na koliflawa ikapungua, hadi wapwa wangu wakaanza kukiita chakula hicho "chizi" tu.

Mozarela, kwa maoni yangu, ni ya kuchezea. Inavutika vizuri machoni pa watoto lakini ladha haina, tena ina maji mengi. Yale majibini ya pakiti yaliyokwisha kukwaruzwa hupakwa wanga ili yasigandamane, na sosi inakuwa na chengachenga. Siku hizi nanunua kipande kigumu, nakikwaruza mwenyewe, nakiweka juu tu, si ndani ya sosi. Kinapungua, lakini unakionja.

"Shangazi, mwaka huu umetubania," mpwa wangu mkubwa alilalamika Krismasi iliyopita, huku akikwangua tabaka la juu kwa kijiko na kuniachia maua ya koliflawa yamesimama matupu. Mama, ambaye sasa anaishi nami, alivuta bakuli upande wake, akaongeza chumvi, akala yote yaliyobaki. Kisha akaniuliza kwa nini sikupalia makaa.