Mwanangu haitiki akiitwa, tangazo lake liseme hivyo

Tangazo la mtoto aliyepotea huku kwetu uswahilini linajulikana. Spika ya msikiti inakoroma, kisha sauti inataja jina, umri, rangi ya nguo na nyumba anakotoka. Baada ya muda mfupi picha inaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Watoto wengi wamerudi kwao kwa njia hiyo, siwezi kuibeza.

Ila tangazo hilo linamfaa mtoto anayeweza kujieleza: mimi ni fulani, mama yangu anauza vitenge pale kona. Mwanangu ana miaka 9, ana usonji na hasemi. Ukimwita jina haitiki. Ukimpazia sauti anaziba masikio na kukimbia.

Mwaka jana alitoka nyumbani kwetu Mbagala wakati mafundi wakiingiza mabomba getini. Mjumbe alifika haraka, msikiti ukatangaza, majirani wakatawanyika mitaani wakiliita jina lake kwa nguvu. Tulimpata jioni, amejibanza nyuma ya gereji.

Siku mbili baadaye kijana mmoja wa bodaboda aliniambia alimwona mapema kabisa. Alipomshika mkono mtoto akapiga mayowe, naye akamwachia na kuondoka.

"Mama, siku hizi ukionekana umeshika mtoto wa watu analia, wanasema umemteka. Ningepigwa palepale."

Sikuweza kumlaumu. Wote tunajua umati wenye hasira hausubiri maelezo. Mtu wa kumwona mwanangu alikuwepo, lakini hakujua afanye nini, na tangazo halikumwambia.

Marekani wana mfumo wa matangazo uitwao AMBER Alert. Ulianza mwaka 1996 huko Texas, baada ya Amber, msichana wa miaka 9, kutekwa akiendesha baiskeli na kukutwa ameuawa. Siku hizi tangazo hilo hupita redioni, kwenye televisheni na mabango ya barabara kuu, na huingia moja kwa moja kwenye simu za watu wa eneo husika. Lakini lina masharti: polisi waamini kwamba mtoto ametekwa, yuko hatarini, na maelezo ya kumtambua yawepo. Linabaniwa hivyo ili watu wasilizoee wakalipuuza. Mtoto aliyejitokea mlangoni, kama wangu, kwa kawaida hahusiki. Kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu, majimbo mengi yana tangazo lao, Silver Alert. Hata wenye mitambo mikubwa wameona kwamba tangazo moja halimfai kila mtu.

Basi nimeandika la mwanangu mapema, liko kwenye simu tayari. Linasema: "Hasemi. Usimwite kwa sauti wala usimkimbize. Usimshike. Kaa karibu naye, kisha piga namba hii. Mwenyekiti wa mtaa anamfahamu." Nimelipeleka kwa mjumbe, kwa muadhini, kwa mwenye duka na kijiweni kwa bodaboda. Mwenyekiti mwenyewe alikwenda kijiweni akawaambia vijana wakimwona wampigie na yeye, ili asitokee wa kuwadhania vibaya. Yule kijana sasa ana namba yangu, na akipita hupiga honi mara moja, taratibu.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto wa namna hii, mengine ni haya. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na kuzama ni hatari kubwa wanapotoroka. Watafutaji wa kwanza waende kwenye visima, mitaro na madimbwi. Toa taarifa polisi saa ileile, usingoje kupambazuke. Namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bure. Kwenye tangazo weka tarehe na saa, na akipatikana tuma ujumbe wa kusema amepatikana, uwaombe watu waifute picha. Sura ya mtoto haina sababu ya kuzunguka kwenye simu za watu miaka nenda rudi.

Na kama nyumbani una mama mzee anayesahau njia ya kurudi, keti naye leo uandike lake. Anaitikia jina gani? Akipotea hupenda kuelekea wapi? Hayo unayajua wewe, mjumbe hayajui.