Nani Atatufundisha Visiwa?

Mkoa wa Pwani una Chole mbili. Moja ni kata ya Kisarawe, huko kwetu kwenye mihogo na mikorosho. Nyingine ni kisiwa kidogo kando ya kisiwa kikubwa cha Mafia. Mimi ni wa Chole ya kwanza, ile ya nchi kavu. Nasema mapema ili msomaji asidhani napigia debe nyumbani ninapozungumzia visiwa.

Mwaka wa kwanza nilipangiwa mazoezi ya kufundisha, ile BTP yetu, Kibaha, somo la Jiografia. Siku moja niliuliza Kidato cha Pili Mafia iko mkoa gani. Darasa likajibu kwa sauti moja: "Zanzibar!" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Ofisi ya mkoa unaoisimamia Mafia iko hapo hapo Kibaha. Tunaishi mkoa mmoja na kisiwa ambacho watoto wetu wameshakihamisha.

Tangu hapo nimekuwa natafuta pa kusomea visiwa nikimaliza digrii hii. Kumbe wenzetu wameanza zamani. Chuo Kikuu cha Prince Edward Island, huko Kanada, kina shahada ya uzamili ya masomo ya visiwa tangu 2003. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja tangu 1978, na mtu anaweza kusoma hapo hadi uzamivu. Ninayoiwaza mimi ni kozi ya kimataifa ya uzamili inayobeba uendelevu wa visiwa kwa ujumla wake: bahari, maji ya kunywa, umeme, taka, ardhi, utalii na watu wenyewe.

Wanachuo wengi tukiona tangazo la masters tunaanza na ada na ufadhili. Sawa, bumu lenyewe tunalijua. Mimi naanza na orodha ya walimu. Kama kuna kitu Elimu imenifundisha ni kwamba mtaala mzuri mikononi mwa mwalimu asiyewajua wanafunzi wake unabaki karatasi.

Chukua mfano mmoja. Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika kwa takriban mwezi mzima, kwa sababu kisiwa kilitegemea waya uliopita chini ya bahari kutoka bara. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii hadi Machi 2010. Giza lilikuwa sehemu tu ya shida. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kusaka kwa ndoo na madumu. Waya mpya, mkubwa zaidi, ulikuja 2013. Sasa kisa hiki afundishe nani? Mhandisi atueleze waya. Mchumi atuhesabie hasara ya hoteli na ya muuza samaki mwenye friji. Lakini mama aliyebeba ndoo miezi mitatu naye ana mhadhara wake, na sioni profesa wa kuutoa kwa niaba yake.

Mafia nayo ni hivyo hivyo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini. Mwanabaiolojia atakwambia kwa nini matumbawe yapumzishwe, na kwa nini papa potwe wanasogea karibu na Kilindoni miezi ya kaskazi. Mvuvi atakwambia nyumba inakulaje pale eneo alilozoea kuvua linapofungwa. Kozi yenye mmoja wao tu ni nusu kozi.

Simaanishi kwamba walimu wa kigeni hawafai. Kibaha yenyewe ni shahidi. Mwaka 1963 Denmaki, Finlandi, Norwe na Uswidi ziliingia makubaliano na Tanganyika, na pale Tumbi ukaanza mradi wa shule ya sekondari, kituo cha kufundisha wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa serikali yetu, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, na hadi leo watoto wanasoma pale. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kozi yoyote inayojiita ya kimataifa: wageni wakiondoka, chaki inabaki kwa nani?

Nyumbani bado hawajanielewa. Baba mdogo aliniuliza, "Mwanangu, ajira za ualimu zenyewe za kugombania, halafu unataka kusomea visiwa? Visiwa vina wenyewe." Sikubisha kwa jeuri, maana ana hoja. Wadogo zangu wawili wanausubiri mshahara wangu wa kwanza kuliko ninavyousubiri mimi. Nikamuuliza tu, "Baba, nazi tulizokula jana mmenunua za wapi?" Akajibu, "Za Mafia." Akacheka mwenyewe. Kisha akaniambia, "Haya, kwenye nazi umenishinda. Kwenye ada bado."

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Nitamaliza, nitafundisha, wadogo zangu wavuke sekondari, ndipo niombe uzamili. Siku hiyo nitaenda nikiwa mwalimu mwenye miaka kadhaa darasani, na nitauliza wazi kama kuna mtu wa kisiwani anayelipwa kufundisha pale, au anaitwa tu kuhojiwa na kupigwa picha.

Lakini kuna jambo lisilosubiri uzamili. Wengi wetu wa Elimu, BTP ikifika tunaomba shule za karibu na mjini, na sababu tunazijua: nauli, chumba, intaneti. Safari hii nimeomba nipangiwe Mafia. Basi hadi Nyamisati, kisha boti hadi Kilindoni. Kama kuna mwenzangu wa Jiografia, Baiolojia au Kiswahili anayeweza kuomba huko pia, anitafute kitivoni kabla majina hayajapelekwa. Tukiwa wanne au watano tutachangia chumba.