Nyayo za Nandi

Katika miaka ya 1960, viatu huko Nandi, magharibi mwa Kenya, vilikuwa vya kanisani na vya Krismasi. Mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa viunga vya Kapsabet, anakumbuka kwamba jozi yake ya kwanza ilinunuliwa kubwa makusudi, ikajazwa vitambaa kwenye ncha, ili mguu ukue ndani yake. Siku nyingine zote alikwenda shule pekupeku, tena mbio, maana kengele haikumngoja mtu. Barabara ya murami aliikwepa kwa sababu ya kokoto. Alipita kando, penye nyasi na udongo ulioshindiliwa na kwato. Asubuhi za baridi kali, anasimulia, watoto waligombania pale ng'ombe alipokuwa amelala, wakasimama hapo hadi nyayo zipate joto.

Hakuna aliyewaambia kwamba wanajenga afya.

Fahari ilikuja kwa jina la Abebe Bikila, ambalo walimu walipenda kulitaja darasani. Tarehe 10 Septemba 1960, Mwethiopia huyo alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu, kwa muda wa 2:15:16, rekodi ya dunia. Mtoto asiye na viatu alisikia habari hizo akatazama miguu yake kwa heshima mpya. Wanaosifu miguu mitupu, hata hivyo, mara nyingi husahau nusu ya pili ya hadithi: mwaka 1964 mjini Tokyo, Bikila alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa muda wa 2:12:11.

Sehemu ya kumbukumbu ambayo mwalimu huyo haisimulii kwa tabasamu ni funza. Mdudu huyo si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na meli iliyotoka Brazil ikatia nanga pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa amelivuka bara zima hadi pwani ya Afrika Mashariki, akibebwa katika nyayo za wapagazi na askari wa misafara. Jike hupenya ngozi, hasa pembeni mwa kucha, akavimba kwa mayai. Watoto walifukuliwa funza hao kwa pini au mwiba, mara nyingi pini ileile kwa nyumba nzima, kisha kidonda kikapakwa mafuta ya taa. Vidonda hivyo vilikuwa mlango wa usaha na wa pepopunda. Shuleni, miguu ilikaguliwa kwenye gwaride la asubuhi, na aliyekutwa na funza alichekwa na wenzake. Wapo walioacha shule kwa aibu hiyo, na mwalimu bado anawakumbuka kwa majina.

Safura haikuonekana kwa macho, lakini njia yake ni hiyohiyo. Viluwiluwi vyake hutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mguu, hupitia mapafuni na kuishia katika utumbo, ambako minyoo iliyokomaa hunyonya damu. Na katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkeno, Ethiopia kuliko kwingine kokote, wakulima wanaolima pekupeku kwa miaka mingi huweza kuvimba miguu kwa aina ya matende isiyotokana na minyoo wala mbu, bali na chembe za madini ya udongo zinazoingia mwilini kupitia ngozi. Kinga yake ni viatu na kunawa miguu.

Basi ilikuwaje kwenda pekupeku kukageuka kuwa dawa?

Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliozoea kukimbia bila viatu. Wengi wao walitua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na kishindo cha kutua kikapungua kuliko kwa wanaotua na kisigino. Ghafla mguu wa Nandi ukawa kielelezo duniani. Viatu vyembamba vyenye vidole viliuzwa kwa wingi, hadi mwaka 2014 kampuni ya Vibram ilipokubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani waliodai kwamba ahadi zake za afya hazikuwa na ushahidi wa kutosha. Kampuni haikukiri kosa. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti mwingine ulikuwa umeonyesha kwamba Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao wasiovaa viatu, wakikimbia kwa mwendo wao wa kawaida wengi hutua kwa kisigino.

Faida zipo, na zinastahili kutajwa. Mwaka 1992, madaktari waliochunguza watoto 2,300 nchini India waliona nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu, na asilimia 2.8 tu ya wasiovaa. Mwaka 2019, uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya na mjini Boston ulibaini kwamba sugu nene ya unyayo hulinda mguu bila kuufisha hisia, jambo ambalo soli nene ya kiatu haiwezi. Lakini madai kwamba ardhi humpa mtu umeme wa kutuliza uvimbe na kuleta usingizi yameegemea tafiti ndogo mno.

Kinachokosekana katika sifa hizo zote ni ardhi yenyewe. Nyasi safi za bustani na sakafu ya vumbi yenye funza si kitu kimoja, na anayechagua kuvua viatu hayuko sawa na asiye navyo.

Mwalimu huyo sasa ana ugonjwa wa sukari. Daktari amemkataza kutembea pekupeku hata sebuleni, kwa sababu mguu uliopoteza hisia haujui umechomwa na nini. Mjukuu wake, anayefanya mazoezi Eldoret, humaliza mbio kwa kuzunguka uwanja wa nyasi bila viatu, kisha huvaa viatu vyake kwa safari ya barabarani. Babu anaikubali desturi hiyo, ila kila mjukuu anaporudi humtaka akae chini amkague vidole.