Kasulu hadi Kibondo: Nchi ya kupanda na kushuka

Ukitoka Kigoma mjini kwenda Kasulu, joto la Ziwa Tanganyika hubaki nyuma na barabara huanza kupanda. Hii ni Buha, nyanda za juu zinazopakana na Burundi. Kutoka Kasulu hadi Kibondo ni vilima na mabonde, migomba, mihogo na udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, udongo huo huteleza kama sabuni. Mwanafunzi huvua viatu, hushika fimbo na kushuka taratibu.

Kwingineko duniani, kuteleza ni mchezo wa vyuo. Nchini Marekani, tangu mwaka 1954 wanavyuo hushindania ubingwa wa kitaifa wa skii, vile vipande virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni ili kuteleza juu ya theluji. Kuna mbio za mteremko, zenye kasi na kona kali, na mbio za nyika, za kupanda na kushuka kwa kilomita kadhaa. Siku hizi alama za mbio zote, za wanaume na za wanawake, hujumlishwa pamoja. Chuo hakitegemei kasi peke yake. Kinahitaji pia pumzi.

Pumzi watu wa milimani wanayo. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka nyanda za juu za Kenya, alikwenda Finland mwaka 1996 kujifunza skii. Mwaka 1998 alishiriki mbio za nyika za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho, akamkumbatia.

Buha haina theluji, lakini kazi ya mwili ni ileile. Kupanda kilima hufanyisha kazi moyo na mapafu. Kushuka huonekana rahisi, kumbe misuli ya mapaja ndiyo breki. Ndiyo maana asiyezoea huamka kesho yake miguu ikiuma.

Wanaoweza kuugeuza mlima kuwa uwanja wako hapo hapo. Kasulu ina vyuo vya ualimu, kikiwemo cha Kabanga, na wanavyuo wa ualimu nchini wana michezo yao, UMISAVUTA. Mwanachuo anayekimbia leo ndiye mwalimu wa kesho katika kijiji cha Kibondo. Akiipenda riadha, darasa zima litakimbia. Akiidharau, kipindi cha michezo kitamezwa na hesabu, na wa kwanza kukikosa atakuwa binti, ambaye jioni anasubiriwa na ndoo ya maji na kuni.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Kwa mtoto wa Buha, njia ya shule huchangia sehemu ya dakika hizo. Mzazi aongeze uji kabla ya safari, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na maharage au migebuka kwenye ugali wa jioni. Na siku ya michezo shuleni, ndoo ya binti ibebwe na mwingine.