Sifa ya Kipilipili

Sisi watu wa pwani tumezoea kumsifu mpenzi kwa nywele za singa. Za kipilipili tumeziachia mzaha. Huko Litembo, katika milima ya Mbinga, nilimwona mama akimsuka bintiye, akizigawa nywele mraba kwa mraba mithili ya shamba la ngoro, ambalo Wamatengo hulichimba mashimo ili mvua isichukue udongo wa mteremko.

"Mama, mbona zangu hazilali?"

"Zingelala, mwanangu, zisingeshika msuko."

Emma Dabiri, katika kitabu chake Don't Touch My Hair cha mwaka 2019, ameonyesha kuwa usukaji wa Kiafrika una hesabu ndani yake. Hesabu hiyo ilikuwa vidoleni mwa mama yule. Enyi malenga, beti za kipilipili zi wapi?