Joto la Dar Lilivyomwangusha Mwanangu, na Mungu Alivyomwinua



Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kagongwa, hapa Kahama. Nauza mchele. Anayepita barabara ya Isaka kwenda Kahama anapajua kwetu kwa mashine za kukoboa mpunga na malori yanayopakia magunia. Natoa ushuhuda huu nikikufikiria wewe ambaye huenda sasa hivi umekaa kwenye benchi la wodi, unasubiri mtoto afumbue macho. Nami nilikaa hapo. Nataka ujue kwamba kuna kutoka.

Mwaka 2024 kijana wetu wa kwanza alimaliza darasa la saba. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba akifaulu ataiona bahari. Matokeo yakatoka, kafaulu. Ahadi ni deni. Desemba, shule zilipofungwa, tukafunga safari. Tulipanda basi asubuhi kupitia Tinde, Nzega na Singida hadi Dodoma, na kesho yake tukapanda treni ya SGR, ambayo ilikuwa imeanza kufika Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Watoto hawakulala hata kidogo. Ndani ya behewa kulikuwa na kiyoyozi, mpaka mdogo wao akaomba khanga ajifunike.

Tuliposhuka Dar es Salaam, hewa ilitupokea vibaya. Nilidhani nimesimama karibu na sufuria inayochemka. Wifi yangu, aliyekuja kutupokea, akacheka. "Karibu Dar, wifi. Huu ndio msimu wenyewe."

Sisi joto tunalijua. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijashika, jua la Kagongwa linawaka na vumbi linapanda. Lakini lile ni joto kavu. Jasho linakauka kabla hujalifuta. Tena kwetu ni juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku kiubaridi kinashuka, unavuta shuka. Pwani si hivyo. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, hewa imejaa unyevu. Jasho linatoka na kubaki palepale, linatiririka tu. Usiku nao haupoi. Kwa wifi, Salasala, tulilala madirisha wazi, feni inazunguka, na asubuhi tukaamka tumechoka kuliko tulivyolala.

Siku chache baadaye tukaenda kwenye bustani moja ya michezo ya maji, huko pwani ya kaskazini mwa jiji. Siitaji jina, maana hapakuwa na kosa lao. Watoto walikuwa wameiona kwenye simu: mabwawa, mitelezo mirefu inayozunguka, muziki. Kijana wangu alipanda ngazi, akateleza, akapanda tena. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. Nilimsikia anacheka kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia nyumbani. Mchana alikula chipsi kidogo, akasema hana hamu. Akavaa jezi yake, akaungana na vijana wengine kucheza mpira kwenye mchanga.

Ilikuwa yapata saa nane.

Nilimwona anakuja kwangu. Anayumba. Nilidhani anatania. Nikamwambia, "Kaa hapa unywe maji, mwanangu." Akanitazama. Akaniita shangazi. Akasema tumwondoe yule ng'ombe. Hapakuwa na ng'ombe.

Kisha akaanguka.

Nilimshika. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama bati la paa saa saba mchana. Macho yamepanda juu. Nikaita jina lake. Kimya. Nikaita tena. Akatapika. Mwili ukakakamaa, ukatetemeka, ukalegea. Nikapiga yowe. Yowe la kwetu, la msiba.

Watu wakajaa. Mmoja akasema ni malaria. Mwingine akasema ni jini la bahari, asomewe. Mwingine akaleta chupa, "Mpeni maji anywe!" Mwingine akapaza sauti kwamba gari lipo, abebwe haraka. Mimi nilitaka gari. Nilitaka abebwe sasa hivi.

Baba yake akawasukuma wote. Akambeba hadi kwenye kivuli cha mivinje. Akamlaza ubavu, akamvua jezi, akamwacha na kaptula tu. "Leteni maji. Ndoo. Maji mengi." Akamzuia yule aliyetaka kumnywesha: "Hajitambui huyu, yatamwingia kwenye mapafu." Akaanza kummwagia, kichwa, kifua, miguu. Ndoo baada ya ndoo. Mama mmoja muuza soda akaleta deli lake la barafu. Hakuuliza bei. Tukafunga barafu kwenye khanga yangu, tukaiweka kwapani, shingoni na kwenye mapaja. Wafanyakazi wa bustani nao wakaleta maji na taulo. Kijana mmoja alishika kifuniko cha deli akawa anampepea bila kupumzika.

Mwenye gari akaita tena. Mume wangu akasema, "Gari lisubiri. Kwanza apoe."

Nitasema ukweli. Dakika zile nilimchukia mume wangu. Nilimpiga mgongoni kwa ngumi. Nikamwambia unamuua mtoto. Hakunijibu. Aliendelea kumwaga maji.

Baadaye kidogo kijana akakunja uso, akaguna. Baba yake akamgusa kifuani, akasema, "Sasa twende." Ndani ya gari hakuacha. Madirisha wazi, khanga mbichi juu ya mtoto, chupa ya maji mkononi mwake.

Hospitali walimpokea mbio. Walipompima, joto lilikuwa bado limevuka nyuzi 39, baada ya maji yote yale. Daktari akasema lazima mwanzoni lilikuwa limepita 40. Wakatoboa kidole, malaria hakuna. Sukari wakapima pia. Wakamtundikia dripu. Wakachukua damu kuangalia figo na ini. Nikauliza, "Atapona?" Daktari akasema, "Mama, tumpe muda aamke." Hakusema ndiyo.

Usiku ule ndio nataka kukusimulia, wewe uliye kwenye benchi.

Niliketi. Sikuhisi njaa. Sikuhisi mbu. Nilianza kusali Baba Yetu, nikakwama katikati. Sala niliyoijua tangu utoto. Maneno hayakuja. Nikabaki nasema, "Bwana, huyu. Bwana, huyu tu." Kila mlango ulipofunguka, moyo ulisimama. Niliwaza nitarudije Kagongwa. Nitapitaje Dodoma, Singida, Nzega, na kiti kimoja kitupu. Niliwaza sare ya kidato cha kwanza, tulikwishainunua. Niliogopa hata kulia, nisije nikaonekana nimekubali.

Mume wangu akakaa karibu nami. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kunisimulia. Kabla hatujaoana alifanya kazi kwenye maduara ya dhahabu mkoani Geita, Nyarugusu na Rwamgasa. Chini kule, hewa inayosukumwa kutoka juu ikikatika, joto linapanda na unyevu umejaa, jasho halina pa kwenda. Alisema ni joto lilelile la Dar. Siku moja mwenzao alianza kuongea ovyo shimoni. Wakamvuta juu kwa kamba. Wazee wa kazi wakamvua nguo, wakammwagia maji mpaka akawatambua. Mwingine, kwenye duara jirani, walimpakia kwenye gari jinsi alivyo, na nguo zake, wakimbilie mjini. Hakufika.

"Ndiyo maana," akasema. Hakuongeza neno. Nikamshika mkono. Ule uliommwagia mtoto maji.

Kumbe nyumbani Kagongwa hawakuwa wamelala. Wifi alikuwa amepiga simu. Mama mkwe akawaamsha majirani, akina mama wa kanisa wakakusanyika uani kwetu, wakasali hadi usiku wa manane. Wenzangu wa kikoba wakachanga na kutuma pesa kwa simu, hata mmoja ambaye tulikuwa hatusemeshani. Wifi alibaki na wadogo wa kijana wangu, akawalisha, akawaambia kaka atarudi. Mimi sikuwa na nguvu ya kuamini. Nilibebwa na imani ya watu wengine. Kama usiku huu huwezi kusali, wala usijilaumu. Waache wengine wakusalie.

Alfajiri, adhana ilipokuwa inaisha, muuguzi akanigusa bega. Nikasimama, magoti hayana nguvu. Kijana alikuwa amefumbua macho. Akanitazama muda mrefu. Sikuthubutu kupumua. Nikangoja aniite shangazi.

Akasema, "Mama. Nina kiu."

Wabeja, Bwana. Wabeja sana, asante kwa Kisukuma.

Muuguzi akamnywesha maji ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo. Siku zilizofuata mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, wakawa wanampima figo mara kwa mara, mpaka zikatulia. Alikuwa dhaifu, anachoka kwa kwenda msalani tu. Lakini alitutambua sote. Aliuliza habari za mpira.

Daktari alinikalisha, akanieleza polepole. Mwili unajipoza kwa jasho linapokauka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho halikauki, na anayekimbia juani anazidi kupata moto mpaka ubongo unachanganyikiwa. Mtoto alikuwa mgeni wa pwani, na mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Alikuwa amelala vibaya, hakula vizuri, na ndani ya bwawa mtu hutokwa na jasho bila kujua wala kuhisi kiu. Nikamuuliza kama panadol ingesaidia. Akasema hapana, hii si homa ya ugonjwa. Kinachosaidia ni kumpoza, na mapema. Akanikumbusha mahujaji wa Juni mwaka ule, Makka, joto lilipopita nyuzi 50 na watu zaidi ya 1,300 wakafariki. Akasema, "Mumeo alifanya nusu ya kazi yetu kabla hamjafika."

Naandika haya nikiwa na furaha, lakini hofu haijaondoka yote. Mwanangu anasoma sekondari sasa, anacheza mpira, ananipita urefu. Hata hivyo mwezi wa kumi ukifika, jua likiwaka, namgusa shingo akirudi shuleni. Anasema, "Mama, niko sawa." Namgusa tena. Akiongea usingizini, mimi nimeshafika mlangoni.

Kwa anayetoka kwetu kwenda pwani na watoto msimu wa joto, nakuachia haya. Siku za kwanza msikimbilie jua. Chezeni asubuhi na baada ya saa kumi jioni, mchana kaeni kivulini. Wanywe maji kabla ya kiu, hata wakiwa wanaogelea, na beba ORS mkobani, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Bibi au babu anayetumia dawa ya presha inayokojoza amuulize daktari kabla ya safari. Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, mchezo umeisha, apumzike na kunywa. Akianza kuyumba na kuongea yasiyoeleweka, usingoje jambo lingine. Mvue, mmwagie maji, mpepee, huku mwingine akitafuta gari. Maji kwanza, safari baadaye.

Na wewe wa kwenye benchi. Sijui daktari wako atasema nini asubuhi. Mimi nilidhani usiku ule ndio mwisho wa nyumba yangu, na haukuwa. Kula kitu kidogo. Mpigie mtu wa nyumbani, mwambie ukweli wote, asikuone jasiri. Mungu aliyetumia mikono ya mchimbaji, muuza soda na kijana mwenye kifuniko cha deli bado ana watu wake karibu nawe. Wakija, wapishe wafanye kazi.